Shahada ya Biolojia ya Molekuli: Mwanafunzi Anasomea Nini?

Wapo wahitimu wa kidato cha sita wanaojaza biolojia ya molekuli kwenye maombi ya chuo kwa sababu tu wamekosa nafasi ya udaktari wa binadamu. Sisi tunaoifundisha tunasikitika, kwa kuwa fani hii ina kazi yake mahususi: kuchunguza jinsi DNA, RNA na protini zinavyoendesha uhai ndani ya seli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huifundisha pamoja na bioteknolojia katika shahada ya kwanza ya miaka mitatu. Msingi wake ni kemia, na asiyependa hesabu atapata taabu.

Uzito wa masomo uko maabara. Tuchukue michirizi ya kahawia, ugonjwa wa muhogo ulioelezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936. Shina laweza kuonekana zima, mkulima akakata pingili na kumgawia jirani, kumbe virusi vimo na mizizi itaozea ardhini. Ili kuvibaini, mwanafunzi husaga kipande cha jani na kutenga RNA, molekuli inayobeba vinasaba vya virusi hivyo, ambayo huharibika upesi hata kwa kuguswa na mkono usio na glavu, kisha huigeuza kuwa DNA kwa kimeng'enya na kuiingiza kwenye mashine ya PCR, inayotoa nakala nyingi za DNA. Humo joto hupanda hadi nyuzi 95, hushuka hadi karibu 55, hupanda tena hadi 72, na mzunguko huo hurudiwa mara 30 au zaidi. Kwa kuwa kila mzunguko huzidisha nakala maradufu, nakala moja yaweza kufikia zaidi ya bilioni moja.

Uwezo huo mkubwa ndio unaodai uangalifu, maana hata tone lililoruka kutoka kichupa jirani litazalishwa vilevile. Kwa hiyo kila kipimo huambatana na kichupa chenye maji matupu badala ya sampuli, na maji hayo yakionyesha virusi, matokeo yote hutupwa na kazi huanza upya. Kwa maoni yangu, mwanafunzi aliyekubali kutupa kazi ya wiki nzima kwa sababu hiyo amekwisha kuwa mwanasayansi.

Shahada hii peke yake haimpi mhitimu leseni ya kutibu wagonjwa. Humwandaa kwa utafiti wa mazao na magonjwa, uchunguzi wa vinasaba na masomo ya uzamili. Kabla ya kuchagua chuo, mwombaji aulize wanafunzi wangapi hutumia pipeti moja, yaani kifaa cha kupimia na kuhamishia vimiminika, na kama vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, hupatikana muhula mzima.