Taa ya tesa ikiwaka bado kebo ya winchi inaweza kuwa mbovu

Nimeletewa tena Land Cruiser ya safari, winchi (ile mashine ya mota inayolivuta gari kwa kamba likikwama) haivuti, na kabla sijafungua boneti dereva ameshamaliza kesi: "Fundi, moto upo, tumepima na taa inawaka vizuri kabisa, hiyo mota imeungua, tutafutie nyingine." Masika yote hapa Arusha nasikia sentensi hiyohiyo. Mota nyingi zinazotupwa kwa sababu hiyo ni nzima, na mota mpya inafungwa kwenye kebo zilezile mbovu, wiki mbili mbele gari linakwama Ndutu kwenye udongo mweusi wageni wakiwa ndani na mota mpya nayo "imeungua".

Sasa naomba tuelewane kwenye hili la taa. Taa ya tesa, ile ndogo ya kupimia kama moto upo, ikiwa ya wati 5 inakula umeme mdogo sana, haifiki hata nusu ampea. Winchi ya paundi 9,500 ikivuta kwa nguvu zake zote inataka ampea 400 au zaidi. Kebo yenye nyuzi mia kadhaa inaweza kuoza zote zikabaki nne, na hizo nne zitaiwasha taa yako bila shida. Hata maltimita itakudanganya, utasoma 12.6 kwenye nati ya mota, utasema safi, kumbe umepima kebo ambayo haina kazi yoyote kwa wakati huo. Chukua mfano wa lagi (kile kichwa cha chuma mwisho wa kebo kinachofungwa na nati) iliyooza ikawa na ukinzani wa omu 0.01, kitu kidogo ambacho maltimita ya kawaida haiwezi hata kukupimia. Kwa taa inapoteza volti 0.004, huioni. Kwa ampea 200 inapoteza volti 2, na wati 400 za joto zinaishia kwenye lagi moja. Ndiyo maana unakuta kava la kebo limeyeyuka pale mwisho tu na sehemu nyingine yote iko kama mpya.

Kwa hiyo pima winchi ikiwa inafanya kazi. Funga kamba kwenye mti au gari lingine zito, watu wakae mbali na kamba, washa injini, mtu mmoja abonyeze kuvuta. Maltimita iwe volti za DC skeli ya 20. Waya mmoja weka kwenye nguzo ya risasi ya betri upande wa chanya, nasema NGUZO yenyewe, usiweke kwenye tamino, kile kibanio cha kebo kinachokaa juu ya nguzo, maana mara nyingi ugonjwa uko hapohapo kati ya nguzo na tamino na ukigusa tamino umeuruka. Waya wa pili weka kwenye nati ya mota inayopokea moto kwa upande huo unaobonyeza. Unachosoma ndicho kinachopotea njiani. Alafu fanya hivyohivyo upande wa hasi, nguzo ya hasi mpaka bolti ya ethi ya mota, pale umeme unapotoka kurudi betri. Upande huu wa hasi watu hawaupimi kabisa, sijui nani aliwaambia umeme unaenda tu haurudi. Mtu ananunua kebo nene nyekundu ya gharama, nyeusi anaifunga kwenye bampa yenye rangi, rangi haipitishi umeme, basi umeme unatafuta kurudi kupitia bolti za bampa na waya wa ethi wa injini ambao ni mwembamba. Kebo nyeusi iende moja kwa moja kwenye betri na iwe nene sawa na nyekundu, hapo sina mjadala.

Ukikuta volti nyingi zinapotea, sogeza waya wa maltimita hatua kwa hatua: nguzo hadi tamino, tamino hadi solenoidi (swichi kubwa inayowashwa na rimoti kupeleka moto kwenye mota), kuingia na kutoka solenoidi, mpaka ulipokwama. Kwenye lagi vuta kava nyuma kidogo uangalie shaba. Ikiwa nyeusi, au kuna unga wa kijani na kebo ni ngumu haikunjiki, kata mpaka ufike shaba inayong'aa. Msasa juu ya lagi hausaidii kitu, uozo uko ndani.

Vitabu vinasema isipotee zaidi ya nusu volti kila upande. Hapo mimi huwa nasita. Kebo nzima kabisa ya milimita 35 za mraba ina ukinzani wa kama omu 0.0005 kwa mita, ukiwa na betri nyuma ya gari na kebo ya mita 5, kwa ampea 300 unapoteza kama volti 0.8 na hakuna kilichooza. Sasa utamwambia mtu abadilishe kebo nzima? Mimi naangalia zaidi inapotea wapi. Ikigawanyika sawasawa kwenye urefu wote naiacha au nashauri kebo nene zaidi, ikiwa imejazana kwenye kiungo kimoja nakifungua hata kama ni 0.3.

Mengine haraka. Ukibonyeza ukasikia "tak" na mota haigeuki, rimoti ni nzima, shuku solenoidi iliyoungua ndani, kebo kubwa au kaboni za mota (vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka) zilizokwama kwa matope. Husikii kitu, anza na soketi ya rimoti, pini zake zinashika kutu ya kijani, na ule waya mwembamba wa ethi wa solenoidi. Inalia "tatatata", volti zinaanguka, angalia betri na viungo vyake. Inatoa kamba lakini haivuti mzigo, betri na njia ya hasi bado hazijasafishwa jina, maana kutoa kamba tupu hakuhitaji nguvu. Ila kama upande mmoja haugeuki kabisa hata bila mzigo, hapo ni solenoidi za upande huo au waya wa rimoti.

Na wale wa kugeuza kebo za betri ili winchi izunguke kinyume: mota yenye nati za A, F1 na F2 ni ya siries, yaani sumaku yake inatengenezwa na umeme huohuo unaoizungusha, ukigeuza chanya na hasi inazunguka kulekule. Mwelekeo unabadilishwa na solenoidi. Yenye sumaku za kudumu na nati mbili ndiyo inageuka.

Fyuzi mafundi tunabishana, maana inayovumilia mvuto halali haikatiki upesi, ndogo nayo inakuachia katikati ya kilima. Swichi kuu, ya kukata umeme wote wa winchi, haina ubishi. Solenoidi ikigandana, winchi inaendelea kuvuta hata ukiachia rimoti, na bila swichi hiyo utakuwa unahangaika na spana kwenye tamino ya betri huku kamba inazidi kukaza. Ifungwe mahali dereva anafikia bila kupita mbele ya kamba.