Mshipa wa Marumaru Si Mstari

Mwezi uliopita mteja mmoja aliniletea, katika karakana yangu hapa Kisumu, sanamu ya resini yenye urefu wa milimita 75, mwanamke aliyesimama akiwa amejitanda shuka, akaomba niipake ifanane na marumaru. Kabla sijamuuliza ni marumaru ya aina gani, alinieleza mwenyewe namna ya kuifanya kazi: nipake rangi nyeupe, kisha nichukue brashi nyembamba kuliko zote na nichore mistari myeusi juu yake. Maelezo hayo nimeyasikia kwa wateja, kwa wanafunzi wangu na hata kwa mafundi wenzangu mara nyingi mno, na nimeona heri niyajibu kwa maandishi.

Dhana kwamba marumaru ni weupe uliochorwa mistari ndiyo inayoharibu kazi kuliko dhana nyingine zote, kwa sababu anayeishikilia hawezi kuokolewa na rangi nzuri wala brashi ya bei ghali. Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na mgandamizo ardhini hadi chembe zake za kalsiti zikajiunda upya. Kijivu, wekundu na umanjano unaoonekana ndani yake hutokana na vitu vingine vilivyokuwamo tangu mwanzo au vilivyopenya kupitia nyufa, kama vile udongo wa mfinyanzi, oksidi za chuma na grafiti. Ufa uliojazwa madini, ndio huo tunaouita mshipa, una upana na una kina. Umelala ndani ya jiwe kama karatasi iliyochomekwa, na kile tunachokiona kwa nje ni ukingo tu wa karatasi hiyo, pale jiwe lilipokatwa. Chukua ugali uliopoa, upitishe kisu kimshazari kutoka juu hadi chini, kisha uvibane tena vipande viwili pamoja. Alama ya kisu utaiona mbele, itazunguka ubavuni, na itatokea nyuma kwa mwinamo ule ule. Mshipa mkubwa katika nguzo ndogo au kiwiliwili cha sanamu unapaswa kuzunguka vivyo hivyo, lakini sanamu nyingi ninazoletewa nizirekebishe zina mistari mbele tu, na mgongo umeachwa mweupe kama ukuta uliopakwa jana.

Kosa la pili huzaliwa na hilo la kwanza. Mshipa ulikuwapo ndani ya jiwe mamilioni ya miaka kabla mchongaji hajashika patasi, kwa hiyo haujui lolote kuhusu pua, vidole wala mikunjo ya nguo. Mwanafunzi anayechora mstari ukifuata mkunjo wa shuka hadi miguuni amepaka kitambaa chenye mistari, hajapaka jiwe. Mshipa wa kweli huikata mikunjo yote bila kuijali: huonekana kwenye mgongo wa mkunjo mmoja, hushuka bondeni ukiwa umesogea kidogo kulingana na kina cha bonde, kisha huibuka kwenye mkunjo unaofuata ukielekea upande ule ule.

Sisi tunaoishi upande huu wa Kenya hatuna haja ya kusafiri hadi machimbo ya marumaru ya Carrara kule Italia ili kulithibitisha jambo hili, kwa maana tunayo Tabaka, kule Kisii. Jiwe la sabuni linalochongwa pale si marumaru, na ninaomba wauzaji waache kuliita hivyo: ni laini kuliko kalsiti ya marumaru, ambayo ina ugumu wa 3 katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, na ndiyo maana mafundi wa Tabaka huweza kulichonga kwa panga na kisu. Hata hivyo, mikanda yake ya rangi hupita ndani ya jiwe kwa namna ile ile. Juu ya meza yangu nina kiboko wa jiwe hilo, na mkanda wa rangi ya waridi unaingia nyuma ya sikio lake la kushoto, unakata shavu, unafika kwenye mdomo uliochongwa wazi na kukatika, kisha unaendelea kwenye taya la chini mahali pale pale ambapo ungekuwa kama mdomo usingefunguliwa. Mwanafunzi mpya humgeuzageuza kiboko huyo mkononi kwa dakika kumi kabla sijamruhusu kufungua chupa ya rangi, na dakika hizo humfaa kuliko somo langu la siku nzima.

Kuna pia suala la vipimo. Mwanamke wa sentimita 170 akipunguzwa hadi milimita 75, amepunguzwa takribani mara 23. Mshipa wenye upana wa sentimita 1 unapaswa kubaki na upana usiofika nusu milimita. Katika sanamu ya milimita 28, mshipa huo huo haufiki moja ya tano ya milimita. Tena mshipa haulingani upana mwanzo hadi mwisho: huvimba, hugawanyika, hufifia hadi kupotea na kuanza tena mbele kidogo ukielekea upande ule ule. Mimi huanza na mawingu ya kijivu hafifu kwa kipande cha sponji, nikachora mishipa ya kwanza, nikaifunika kwa utando mwembamba wa nyeupe ili izame ndani, na hapo ndipo ninapoongeza michache iliyo wazi. Bila utando huo wa katikati, mishipa yote hukaa juu ya sanamu kama uzi uliodondoka.

Wengi huniambia kwamba mishipa ikiwa mingi ndivyo sanamu inavyosadikika. Lakini wachongaji wa sanamu za watu walilipia zaidi jiwe lisilo na mishipa mingi, kwani mshipa hupotosha uso na huweza kuwa mahali dhaifu pa kuvunjikia. Mishipa mingi iache kwenye kitako cha sanamu, kwenye sakafu na kwenye nguzo.

Rangi nyeupe ya moja kwa moja kutoka kwenye chupa hufanana na plasta. Marumaru ya mlima Penteli iliyotumika kujenga Parthenon, hekalu la kale la Athens kule Ugiriki, ina chembe za chuma ambazo zimeipa rangi ya asali kadiri ilivyokaa hewani, na weupe wa Carrara mara nyingi huegemea kijivu chenye ubuluu. Nyeusi tupu nayo hufaa tu unapoiga jiwe jeusi kama Nero Marquina ya Hispania, ambalo mishipa yake ni myeupe.

Vanishi ya kung'aa sana haiigeuzi rangi kuwa jiwe. Sakafu iliyosuguliwa hung'aa, lakini sanamu iliyosimama nje kwa miaka haing'ai, na katika kitu kidogo kiasi hicho taa ya chumba huacha doa moja kubwa la mwanga linalofuta kazi yako yote. Tumia vanishi ya mng'ao wa wastani.

Kuhusu brashi nyembamba kuliko zote, sikubaliani kabisa na ushauri huo, hasa katika joto la mchana wa Kisumu. Brashi ya nyuzi chache hubeba rangi kidogo mno, na rangi ya akriliki hukauka kwenye ncha kabla haijagusa sanamu. Mafundi kisha huongeza maji, rangi hupoteza mshiko na kuacha duara za madoa. Nunua brashi namba 1 yenye ncha inayokusanyika vizuri, punguza uzito wa rangi kwa kimiminika cha akriliki kisicho na rangi, na weka rangi yako juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa kwenye sponji iliyolowa ndani ya sahani pana. Karatasi hiyo, sponji na sahani huuzwa katika soko la Kibuye kwa bei ndogo. Shika brashi mbali na ncha, uizungushe polepole kati ya vidole huku ukiivuta, na mkono ukitetemeka kidogo usiuzuie.

Sanamu ya mteja wangu ilipata mishipa mitatu tu. Mkubwa unaanzia begani kulia, unakata mikunjo mitano ya shuka na kuzunguka kiunoni, na ukiigeuza sanamu utaukuta mgongoni ukipanda kurudi kwenye bega lile lile.