Laini ya umeme ikizeeka: tubadili waya, nguzo au vyote?

Wananchi wakituuliza kuhusu laini kongwe ya msongo mkubwa, swali la kwanza huwa ni umri: ina miaka mingapi? Ni swali la haki, ila laini haina umri mmoja. Nguzo zake za chuma kilichopakwa zinki zinaweza kusimama miaka 80 zikitunzwa, huku waya umechoka kwenye miaka 40 au 50, na vikombe vinavyoushikilia na kuzuia umeme usipite kwenye nguzo vimeshabadilishwa zaidi ya mara moja. Halafu kuna vifaa vidogo visivyokumbukwa na mtu, kama ndoano.

Novemba 8, 2018, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, ndoano ya chuma iliyoning'iniza vikombe kwenye laini ya kilovolti 115 ilikatika. Ilikuwa imekaa pale karibu miaka 100, ikisuguana na tundu lake kila upepo ulipovuma, hadi chuma kikalika na kubaki chembamba. Waya ukaachia na kugusa nguzo, cheche zikaangukia majani makavu, na moto uliofuata ukaua watu 85 na kuteketeza mji wa Paradise. Nguzo yenyewe ilibaki wima.

Kwa hiyo tathmini ya kweli huanzia porini, si kwenye makabrasha. Waya wa kawaida wa laini kubwa ni nyuzi za alumini zilizosokotwa kuzunguka kiini cha chuma: alumini hubeba umeme, chuma hubeba mvuto. Zinki iliyopakwa kwenye kiini ikishaliwa na chumvi ya bahari au moshi wa viwanda, zamu ya alumini inafika. Tukikata kipande na kukifumua tunakuta unga mweupe katikati ya nyuzi, na wakati mwingine hatuhitaji hata kukata, kwa sababu waya umeshavimba mahali hapo. Chini tunafukua miguu ya nguzo. Kutu mbaya hukaa pale chuma kinapozama kwenye zege, mahali ambapo brashi ya mpaka rangi haifiki. Nimewahi kuona nguzo inayong'aa kwa rangi mpya huku mguu wake ukitoboka kwa bisibisi.

Majibu hayo ndiyo yanayofungua mjadala wa njia mbadala. Kama nguzo na misingi ni mizima, kubadili waya peke yake kunavutia sana. Siku hizi zipo nyaya zinazostahimili joto kali. Waya wa kawaida huruhusiwa kufika nyuzi joto 75 hadi 90 hivi, kwani ukipata moto hurefuka na kulegea kuelekea ardhini. Hizi mpya hufanya kazi hata kwenye nyuzi 150 na zaidi bila kulegea vile, hivyo nguzo zilezile zinaweza kubeba hadi karibu maradufu ya umeme. Hapo wengi hushangilia mapema. Upotevu wa umeme kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo: waya wenye ukinzani uleule ukibebeshwa mkondo mara 2, upotevu unakuwa mara 4. Waya wa aina hii unafaa laini inayolemewa saa chache kwa siku. Ile inayolemewa mchana na usiku itakula ile nafuu ya ujenzi taratibu, mwaka hadi mwaka.

Kupandisha msongo hufanya kinyume chake. Kiasi kilekile cha umeme kikihamishwa kutoka kilovolti 132 hadi 220, mkondo hushuka hadi asilimia 60 na upotevu hadi asilimia 36 ya ule wa awali. Gharama yake ni vikombe virefu zaidi, nafasi kubwa kati ya waya na ardhi, na transfoma mpya kwenye vituo vya kupoza umeme vya pande zote mbili. Ni nadra nguzo za zamani kuukubali mzigo huo. Kama mahitaji ya kesho hayatabiriki, mimi hupendelea kujenga nguzo za msongo wa juu na kuziendesha kwa msongo wa chini kwanza.

Kuhusu kufukia laini ardhini, ambalo huulizwa karibu kila mkutano: inawezekana, na mjini mara nyingi ndilo jibu. Lakini gharama ni mara kadhaa ya laini ya juu, hitilafu inayotengenezwa kwa saa kwenye nguzo inaweza kuchukua wiki chini ya ardhi, na kwa umeme wa mkondo geu (AC), ule wa kawaida wa gridi, kebo ndefu ya makumi ya kilomita hutumia sehemu kubwa ya uwezo wake kujichaji yenyewe.

Swali linalopindua hesabu zote, hata hivyo, ni hili: wakati wa ujenzi, umeme utapita wapi? Kubadili waya ndiyo njia rahisi kwenye karatasi, lakini laini lazima izimwe kwa wiki au miezi. Kama ndiyo pekee inayolisha eneo, bei halisi ya kazi hiyo ni pamoja na jenereta, nguzo za muda na hasara ya viwanda vilivyosimama. Ndipo laini mpya kando ya ile ya zamani, pamoja na fidia zake za ardhi na miaka yake ya vibali, inapoanza kuonekana nafuu, maana ya zamani huendelea kufanya kazi hadi siku ile laini mpya inapowashwa.

Na ya zamani ikizimwa, isiachwe imesimama. Kuing'oa kuwe kwenye bajeti tangu mwanzo: alumini na chuma huuzwa kama chakavu, misingi ya zege hukatwa chini ya kina cha jembe, na mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa laini, hurudi kuwa shamba.