Kudunduliza ni nini?

Kudunduliza ni kukusanya fedha kidogo kidogo kwa ajili ya kitu kimoja unachokijua, mpaka itimie bei yake, ndipo uende dukani. Watu wengi hulichanganya neno hili na kuweka akiba. Ni ndugu, lakini si pacha. Akiba inasubiri lolote: mtoto akiugua, upepo ukiezua paa, msiba ukitokea. Fedha ya kudunduliza tayari ina mwenyewe. Ni ya cherehani, ni ya kitanda, ni ya friza. Ukiitoa kulipia kodi ya chumba, ujue una deni kwa cherehani yako.

Mama yangu alikuwa na kibubu cha mbao. Seremala alikipigilia misumari pande zote, akaacha tundu moja la kupitisha sarafu na noti iliyokunjwa mara nne. Mlango hakikuwa nao. Kutoa fedha ilikuwa lazima ukivunje, na nyumba nzima ingesikia. Ubavuni aliandika kwa kalamu ya risasi: KABATI. Neno lile lilimzuia yeye kuliko lilivyotuzuia sisi watoto. Siku ya kukivunja tulimwaga kila kitu mkekani, tukakaa tunakunjua noti moja moja na kuzinyoosha kwa kiganja, nyingine zimeshikana kama majani ya chai yaliyolowa. Kabati lile bado lipo, vioo vyake viwili vimeshabadilishwa.

Tufanye hesabu. Mama anayeuza juisi na barafu anataka friza ya shilingi 720,000. Akiweka 3,000 kila siku, ataifikia baada ya siku 240, yaani kama miezi minane. Muuzaji anamwambia aichukue leo, alipe 5,000 kila siku kwa siku 180. Hiyo ni 900,000. Zile 180,000 za ziada ni sawa na siku 60 za kudunduliza, miezi miwili ya jasho kwa kitu kile kile.

Haki ya mkopo nayo isemwe. Ikiwa friza itamletea faida safi ya 2,000 kwa siku, ndani ya siku 240 angepata 480,000, na kusubiri kungemgharimu kuliko hiyo ziada. Kochi na runinga haviingizi shilingi, kwa hiyo hapo sioni sababu ya kukopa. Lakini hata kwa friza, ningemuuliza kwanza: mvua ikinyesha wiki nzima na juisi isitoke, ile 5,000 itatoka wapi? Anayedunduliza akikosa leo, ameweka sifuri, basi. Hakuna atakayekuja kubeba kitu chake. Huku Tanzania mikopo ya haraka yenye riba kali tumeipa jina la kausha damu, na aliyewahi kuona godoro la jirani likitolewa nje kwa sababu ya deni anajua jina hilo halikutiwa chumvi.

Haba na haba kila mtu anaijua. Ninayoiogopa mimi ni bandu bandu, ile inayomaliza gogo: elfu mbili ya vocha, elfu tano ya nauli, "nitarudisha Jumamosi". Ndiyo maana suala zito katika kudunduliza ni mahali pa kuweka kuliko kiasi cha kuweka. Fedha ikae mbali na mkono wako. Kibubu kinasaidia, ila wezi na moto havichagui. Kwenye simu, tafuta huduma inayokuruhusu kuifunga fedha mpaka tarehe uliyochagua; M-Shwari ya Kenya, kwa mfano, ina akaunti ya namna hiyo. Ukiiacha kwenye salio la kawaida la M-Pesa ya Kenya, na una deni la Fuliza, yaani mkopo wa kutumia zaidi ya salio ulilonalo, fedha itakayoingia italipa deni kwanza.

Kuna mchezo, ambao wengine huuita upatu. Watu kumi wanatoa 50,000 kila wiki, kila wiki mmoja anabeba 500,000. Wengi huona wote wanafanya jambo moja, lakini sivyo. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa bila riba. Anayepokea wa mwisho ndiye aliyedunduliza hasa. Na hatari kubwa zaidi imelala kwake, maana aliyekwisha kupokea akitoroka, pengo litaonekana zamu yake ikifika. Ukitaka namba ya mwisho, hakikisha unawajua wote mpaka nyumbani kwao.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kina utulivu zaidi. Unanunua hisa kila mnapokutana, fedha inakaa kwenye sanduku ambalo vikundi vingi hulifunga kwa kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka, mnavunja na kugawana. Si lazima ukope. Unaweza kuwa mnunuzi wa hisa tu, ukapata na sehemu ya faida itokanayo na wanaokopa. Kwa asiyetaka kugusa riba kwa sababu ya dini, aulize mapema kikundi kinaendeshwaje. Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe, hivyo kuomba kuona cheti si utovu wa adabu.

Adui mwingine ni bei kupanda wakati wewe unakusanya. Uliza bei siku unapoanza, uulize tena kila baada ya miezi miwili, na uongeze kiwango mapema. Wanaojenga wamepata dawa yao: wanadunduliza vitu badala ya noti. Pita viwanja vya pembezoni mwa Dar es Salaam utaona tofali zimepangwa, nyasi zimeota katikati, pembeni boma linalosubiri kupauliwa. Yule mwenye kiwanja hajakata tamaa. Kila akipata, anaongeza tofali mia, au anachukua bati tano akazilaza chini ya kitanda. Tofali, kokoto na bati vinavumilia kusubiri. Saruji ndiyo isiyofaa kudundulizwa. Ikikaa miezi mingi hunyonya unyevu na kuganda ndani ya mfuko, kwa hiyo inunuliwe wiki ile ile fundi anapoanza kazi, au ifyatuliwe tofali mara tu inaposhushwa.