Uyoga si mmea, na mengine ninayochoka kuyasikia

Wiki iliyopita nimeletewa tena uyoga maabara pamoja na swali lilelile: "Mtaalamu, huu ni mmea wa familia gani?" Si wa familia yoyote ya mimea. Uyoga ni fangasi, na fangasi si mimea.

Kosa lenyewe ni la zamani. Linnaeus alipopanga viumbe hai katika karne ya 18, aliwagawa katika himaya mbili tu, mimea na wanyama. Uyoga hautembei, basi ukasukumwa kwenye mimea. Lakini mwaka 1969 Robert Whittaker aliwapa fangasi himaya yao katika mpangilio wake wa himaya tano. Zaidi ya nusu karne imepita, jamani.

Mmea hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hauna klorofili, na hata ukikulia gizani ndani ya gogo haupungukiwi kitu: nyuzi zake humwaga vimeng'enya, chakula kinameng'enywa hukohuko nje, ndipo unakifyonza. Ukuta wa seli zake una kitini, ileile iliyomo kwenye gamba la mende. Akiba yake ni glaikojeni kama iliyo kwenye ini lako, si wanga. Mwaka 1993 ulinganishaji wa protini ulionyesha kwamba fangasi wako karibu na wanyama kuliko mimea, na DNA imezidi kuthibitisha hivyo. Kwa ukoo, uyoga uko karibu nawe kuliko ulivyo karibu na mchicha.

"Sasa hilo linanihusu nini?" Litakuhusu ukiugua. Kwa kuwa seli za fangasi zinafanana na zetu, si rahisi kupata dawa itakayomuua yeye ikuache wewe. Dawa za azoli, kwa mfano, huzuia utengenezaji wa ergosteroli, ambayo kwa fangasi hufanya kazi inayofanywa na kolesteroli mwilini mwetu. Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na fangasi hana ukuta wa aina hiyo. Bado nakutana na watu wenye mashilingi (fangasi wa ngozi) waliomeza antibiotiki zilizobaki nyumbani, kisha wanashangaa hawaponi. Wengine hujiongezea balaa: bakteria wa kawaida wanakufa, fangasi aitwaye Candida anapata nafasi ya kutamba.

Anayeendelea kubisha nampa kazi. Chukua uyoga uliochanua, kata kikonyo, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu ni nyeusi na nusu nyeupe, funika kwa bilauri hadi asubuhi. Utakuta vumbi limejichora kwa mistari ikifuata vibamba vya chini ya kofia: jeupe, la kahawia, la waridi au jeusi. Hizo ni spora, chembe ambazo uyoga huzaliana kwazo, si mbegu. Rangi yake hutusaidia kuainisha kuliko rangi ya kofia, ambayo hufifia kwa mvua na jua. (Jaribio hili halipimi sumu. Usile.)

Kuna na kosa la upande wa pili, kwamba chochote chenye sura ya ukungu ni fangasi. Phytophthora infestans, iliyoangamiza viazi Ireland kuanzia 1845, ilihesabiwa kuwa fangasi kwa miaka mingi. Kumbe ukuta wake ni wa selulosi, na jamaa zake ni mwani wa kahawia. Haitengenezi ergosteroli, kwa hiyo kuipulizia azoli ni kumwaga pesa.

Popo si ndege na nyangumi si samaki. Hayo Linnaeus mwenyewe aliyamaliza mwaka 1758. Mamba naye si mjusi aliyenenepa: kati ya viumbe walio hai leo, ndugu zake wa karibu zaidi ni ndege. Na si kila kiumbe cha seli moja kisicho na kiini ni bakteria. Carl Woese na George Fox waliwatenga arkea, viumbe wanaofanana na bakteria kwa sura tu, mwaka 1977 kwa kulinganisha RNA ya ribosomu, jambo ambalo hadubini peke yake isingeliweza.

La mwisho ni lawama kwamba tunabadilisha majina kwa kujifurahisha. Jina hubadilika tukigundua kiumbe kimewekwa kwenye ukoo usio wake. Ukiona Nakaseomyces glabratus kwenye majibu yako ya maabara, ni fangasi yuleyule aliyekuwa Candida glabrata. DNA ilionyesha kwamba yuko karibu na hamira ya mkate kuliko alivyo karibu na Candida albicans. Majibu hayajachanganywa na ya mtu mwingine, msiturudishie.