Pesa za uzamivu wa astronomia ziko ndani ya mradi, si ndani ya tangazo la bourse

Wanafunzi wa fizikia wanaonijia hapa Lubumbashi, Kongo (DRC), huuliza swali lao karibu kwa maneno yale yale: "Prof, bourse ya doctorat ya astronomia inapatikana wapi?" Yaani, ufadhili wa masomo ya uzamivu unapatikana wapi. Nalipokea swali hilo kwa uzito, kwa kuwa mimi mwenyewe niliishi nalo miaka miwili. Niliandikia mifuko ya hisani, balozi na wizara, nikakusanya matangazo katika daftari nene, na majibu yaliyorudi hayakujaza ukurasa mmoja. Siku moja mtafiti ambaye nilikuwa nimemwandikia kuhusu makala yake, wala si kuhusu fedha, alinijibu kwamba hana bourse yoyote ya kunipa, ila mradi wake una nafasi ya mwanafunzi mmoja kwa miaka minne. Gharama zote za uzamivu wangu zilitoka katika sentensi hiyo.

Tangu hapo nawaambia vijana waligeuze swali. Astronomia ni sayansi ya vyombo vikubwa na data nyingi, na kazi yake hufanywa na vikundi. Mtafiti anapoomba fedha za kuchunguza pulsa (mabaki ya nyota yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio), tuseme, au galaksi za mbali, huandika ndani ya bajeti yake mshahara wa mwanafunzi wa uzamivu kama anavyoandika bei ya kompyuta. Fedha hizo zikishatoka, ni yeye anayehangaika kumpata mwanafunzi, na mara nyingi tangazo lake halina neno bourse hata mara moja, kwa sababu kwake hiyo ni nafasi ya kazi. Anayetafuta kwa neno bourse peke yake hupita mbele ya mlango huo bila kuuona.

Ujerumani ndiko utaratibu huu unakoonekana waziwazi. Shule za uzamivu za Max Planck, jumuiya ya taasisi za utafiti ya huko, zinazojulikana kwa herufi IMPRS, zina vituo vya astronomia Garching, Heidelberg na Bonn, miongoni mwa miji mingine. Masomo yake ni kwa Kiingereza, maombi kwa kawaida hufungwa mwezi wa Novemba, na anayekubaliwa hupewa malipo ya kuishi kwa muda wote wa utafiti. Ufaransa kuna contrat doctoral, mkataba wa miaka mitatu unaopitia école doctorale, yaani shule ya uzamivu; ile inayoshughulikia astronomia katika eneo la Paris ina namba 127. Huko mwombaji huanza na mada iliyotangazwa pamoja na jina la msimamizi wake, kisha hushindanishwa na wenzake kabla ya likizo zao za kiangazi. Kwa sisi tulioandika mémoire, yaani tasnifu, kwa Kifaransa njia hiyo ina unafuu ambao nashangaa wachache wanautumia. Marekani, idara nyingi za astronomia na fizikia humpokea mwanafunzi pamoja na gharama zake: husamehewa karo na hupewa posho, kwanza kwa kufundisha vipindi vya mazoezi, baadaye kwa kufanya utafiti katika mradi wa msimamizi wake. Maombi yao hufungwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye fedha asishurutishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili.

Hapa sasa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo vijana wetu wanapopoteza muda mwingi: swali la pasipoti. Kabla hujaipenda fursa yoyote, soma kwanza inampokea raia wa nchi gani. Mfano ulio karibu nasi ni darubini ya redio ya MeerKAT, iliyoko Karoo, Afrika Kusini, yenye dishi 64, iliyozinduliwa mwaka 2018 na itakayoingizwa katika mtambo wa SKA, darubini kubwa ya redio inayojengwa Afrika Kusini na Australia, ambao upande wake wa Afrika utakuwa na dishi 197. Mradi huo una nchi nane washirika barani: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia. Kongo haimo. Ufadhili wa taasisi inayoendesha darubini hiyo, SARAO, kwa miaka mingi umewalenga raia wa Afrika Kusini na wa nchi hizo washirika. Ukisimama mpakani Kasumbalesa, kijana wa upande mmoja wa kizuizi ana haki ya kuomba, na mwenzake wa upande wa pili, anayesema Kibemba kilekile na kutazama anga lilelile, hana. Ufadhili wa Commonwealth, Jumuiya ya Madola, uko hivyo hivyo: Zambia imo, Rwanda iliingia mwaka 2009, sisi hatumo. Ule wa NSF, shirika la taifa la sayansi la Marekani, kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu ni wa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo. Nimeona maombi mazuri sana, yaliyoandikwa kwa majuma, yakitumwa mahali ambapo pasipoti ya Kongo isingeweza kupita kwa vyovyote, na iliniuma kuyasoma.

Lakini kufungwa kwa mlango wa ufadhili hakumaanishi kwamba data nayo imefungwa. Max Planck ni mshirika katika kuipanua MeerKAT, na taasisi yake ya redio iliyoko Bonn hutafiti kwa data za darubini hiyo hiyo. Kwa hiyo Mkongomani anayetaka kuchunguza pulsa kwa dishi za Karoo anaweza kufika kwa njia ya Ujerumani, ambako uraia hauulizwi. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayolipwa na Umoja wa Ulaya, nayo haiulizi uraia. Sharti lake kubwa ni kwamba katika miezi 36 iliyotangulia uwe hujaishi wala kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi inayokuajiri, na aliyekulia Katuba au Kenya, kata zetu za hapa mjini, analitimiza bila jasho. Gates Cambridge, ufadhili wa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, hupokea raia wa nchi zote isipokuwa Uingereza yenyewe. Kwa dada zetu kuna OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, ambalo limekuwa likifadhili uzamivu wa wanasayansi wanawake kutoka nchi zilizo nyuma kisayansi, Kongo ikiwemo, ili wasome katika nchi nyingine inayoendelea. Masharti na kalenda ya shirika hilo vithibitishwe kila mwaka.

Wako wengi ambao hawawezi kuruka moja kwa moja hadi uzamivu, kwa sababu kozi ya astronomia hawakuipata na Kiingereza chao bado ni kichanga. Hao nawashauri waanze na daraja. Taasisi ya AIMS, iliyoanza Muizenberg, karibu na Cape Town, mwaka 2003 na kufika Kigali mwaka 2016, imejengwa juu ya uzamili wa hisabati na sayansi unaolipiwa kila kitu kwa Waafrika. ICTP ya Trieste, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, iliyoasisiwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina Diploma ya mwaka mmoja inayomwandaa mwanafunzi kwa uzamivu, nayo pia hulipiwa. Mwaka mmoja huko hukupa kitu ambacho hakiandikwi kwenye cheti: walimu wanaofahamika duniani na watakaoweza kuandika barua ya mapendekezo wakikutaja kwa kazi uliyofanya mbele ya macho yao.

Kuna jambo la makaratasi ambalo mtu wa nje hawezi kutuonya, maana halijui. Waliosoma kwa mfumo wetu wa zamani walifanya miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence, jumla mitano. Mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat) nao unalo neno licence, lakini la miaka mitatu, na hivyo ndivyo Ulaya inavyolielewa. Karani wa chuo cha mbali akiona neno hilo juu ya diploma yako, atakuhesabia miaka mitatu na kukuambia huna uzamili. Ilinitokea: ofisi moja ya udahili ilinikataa kwa sababu hiyo tu, nami sikujua kwamba ningeweza kuomba ifikirie upya. Omba kwa katibu wa kitivo barua yenye mhuri inayoeleza idadi ya miaka na saa za masomo, uiambatanishe na relevé de cotes, yaani orodha ya alama zako.

Na hizo cotes zenyewe zinahitaji mkalimani. Kwetu distinction huanzia asilimia 70, na grande distinction asilimia 80, ambayo katika fizikia wanafunzi huipata kwa nadra mno. Kwa Mmarekani asilimia 70 ni alama ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kwa hiyo barua ya mapendekezo iseme ulikuwa wa ngapi katika promotion, yaani darasa la mwaka wako, ya watu wangapi. Ni sentensi moja, lakini nimeona ikibadilisha namna jopo linavyoisoma faili nzima.

Unapomwandikia msimamizi, usimwandikie kuhusu shida zako, ingawa ni za kweli. Mwandikie kuhusu kazi yake na kuhusu kitu ulichokwisha kufanya. Data za astronomia ni miongoni mwa data zilizo wazi kuliko za sayansi nyingi: orodha ya tatu ya Gaia, chombo cha anga cha Ulaya kinachopima nyota, iliyotolewa Juni 2022, ina vyanzo vya mwanga takriban bilioni 1.8, na yeyote anaweza kuchota kipande kidogo bila kulipa. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, programu ya Python na umeme wa saa chache za usiku anaweza kuchukua nyota mia moja zinazobadilika mwangaza, akakokotoa vipindi vyake vya kubadilika, akavilinganisha na vilivyochapishwa na kueleza vimetofautiana wapi na kwa nini. Kurasa nne za kazi kama hiyo, zilizoambatanishwa na barua fupi, humwonyesha msimamizi mtu anayeweza kuanza kazi Jumatatu. Andikia watu wachache, kila mmoja barua yake, na asipojibu mkumbushe mara moja baada ya majuma mawili.

Yeyote anayekudai pesa ili "akuhakikishie" nafasi, mwache. Ada halali za kuomba zipo, hasa Marekani, lakini hulipwa kwa chuo chenyewe, na idara nyingi huziondoa ukiomba kwa maandishi kabla ya kutuma faili.

Jambo la mwisho ni la miezi kati ya barua ya kukubaliwa na mshahara wa kwanza, kipindi ambacho familia nyingi hapa zimeuza kiwanja ili kukivuka. Mkataba hulipa baada ya kazi kuanza, ilhali pasipoti, viza, tiketi na dhamana ya nyumba hulipwa kabla. Anayekwenda Marekani hutoa dola 350 za SEVIS, ada ya usajili wa wanafunzi wa kigeni, hata kabla ya kuketi mbele ya ofisa wa ubalozi. Katika barua ile ile ya kukubali nafasi, uliza kwa heshima kama kikundi kinaweza kulipia tiketi moja kwa moja, si kukurudishia fedha baadaye, na kama sehemu ya mshahara wa kwanza inaweza kutangulizwa. Mimi niliogopa kuuliza, kaka yangu akakopa. Wanafunzi wangu wawili wa karibuni waliuliza, na wote wawili walitumiwa tiketi.