Maziwa ya oti ya dukani: yanayosemwa na ukweli wake

Kwenye supamaketi za Dodoma siku hizi, pembeni ya maziwa ya ng'ombe ya boksi, utakuta boksi jingine lenye picha ya masuke na glasi nyeupe: maziwa ya oti, nafaka ambayo kwa Kiingereza huitwa "oats". Wanaolichukua wana sababu tofauti: kuna mwenye tumbo linalovurugika akinywa maziwa, kuna mzazi wa mtoto mwenye mzio, kuna aliyeacha vyakula vya wanyama, na kuna anayefuata tu alichokiona mtandaoni. Bei yake inazidi ya maziwa freshi mara kadhaa, kwa hiyo mnunuzi anastahili kujua pesa yake imeenda wapi. Kila anayeniuliza namwambia ageuze boksi. Mbele ni tangazo. Nyuma, kwenye maandishi madogo, ndiko kuna habari, na habari hizo zinapingana na mengi tunayoambiana.

"Tumbo langu halitaki maziwa, basi lazima ninunue ya oti"

Si lazima. Kwanza ujue tumbo linakataa nini. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili, laktosi, na ili imeng'enywe utumbo mwembamba unatakiwa kutoa kimeng'enya kinachoitwa laktesi. Karibu watoto wachanga wote wanacho, lakini kwa watu wazima walio wengi duniani hupungua. Laktosi isiyomeng'enywa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, tumbo linajaa gesi na kuunguruma, na wengine wanaharisha. Ni kero kubwa, ila haiui.

Kwa watu wa kanda ya kati jambo hili lina historia. Mwaka 2007 mwanasayansi Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa jeni za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walionyesha kuwa katika jamii za Afrika Mashariki, hasa za wafugaji, yalitokea mabadiliko ya jeni tofauti na yale ya Ulaya, yanayomwezesha mtu mzima kuendelea kumeng'enya laktosi. Kwa hiyo Dodoma, mji ambao Wagogo, Warangi, Wasandawe na watu wa kila mkoa wanaishi na kuoana, usishangae katika nyumba moja mmoja akimaliza nusu lita bila tabu na mwenzake akashika tumbo kwa kikombe kimoja.

Mwenye shida ya laktosi peke yake ana njia za bei nafuu kabla hajafika kwenye oti. Maziwa mgando ni mojawapo, maana bakteria wanaoyagandisha wanakuwa wameshakula sehemu ya laktosi. Wengi wenye shida hii pia huvumilia gramu 12 hivi za laktosi kwa mkupuo, yaani karibu kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Anza na kidogo, uone mwili unasemaje.

Mzio ni jambo jingine kabisa. Hapo mwili unapambana na protini za maziwa, na dalili zake ni vipele, midomo kuvimba, kutapika, hata kushindwa kupumua. Mgando haumsaidii mtu wa namna hiyo. Maziwa ya mbuzi nayo kwa wengi hayasaidii, kwa sababu protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Niliwahi kumsikia mama mmoja dukani akimuuliza kijana wa rafu, "Mwanangu, haya hayana maziwa kabisa? Mjukuu wangu akigusa maziwa anavimba." Kijana akajibu kwa nia njema, "Hayana mama, si unaona yameandikwa 'lactose free'?" Boksi lile lilikuwa la maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa laktosi tu, na protini yote ilikuwa mle ndani. Kwa mjukuu yule, boksi lile lingempeleka hospitali.

Kwa mwenye mzio, neno la kutafuta nyuma ya boksi ni "milk" kwenye orodha ya viambato na kwenye onyo la vyakula vinavyoleta mzio. Tazama pia "casein", "caseinate" na "whey", kwa kuwa zote ni protini za maziwa. Poda nyingi za kuwekea kahawa huandikwa mbele kuwa hazina maziwa, lakini nyuma "sodium caseinate" imo.

"Ni maziwa yaleyale, ila yametoka kwenye mmea"

Tuone yanavyotengenezwa. Oti husagwa na maji, kisha huwekwa vimeng'enya vya kuvunja wanga ili kinywaji kisiwe uji. Baada ya hapo huchujwa, huongezwa mafuta, mara nyingi ya kanola au alizeti, pamoja na chumvi, madini na vitamini, halafu hupashwa moto mkali kwa muda mfupi ili yakae bila friji. Njia hii ilibuniwa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990 na Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, aliyekuwa akichunguza tatizo la laktosi. Kampuni ya Oatly ilizaliwa na kazi hiyo. Kinywaji hiki, basi, kilitungwa kwa ajili ya tumbo linalokataa laktosi, na kazi hiyo kinaifanya vizuri.

Penye upungufu ni protini. Maziwa ya ng'ombe yana gramu 3.3 hivi za protini kwa kila mililita 100. Ya oti mara nyingi yana gramu 1, na mengine hayafiki hapo. Ya soya ndiyo yanayoyakaribia ya ng'ombe, kwa gramu 3 hivi. Kwa mtu mzima anayetia vijiko vichache kwenye chai, tofauti hii haina uzito wowote. Ila kama nyumbani kwako kikombe cha maziwa ndicho kilichokuwa kinabeba protini ya asubuhi, ukiweka oti badala yake lazima protini itoke kwingine: maharage, choroko, mayai, dagaa, au karanga, ambazo huku kwetu hazikosekani jikoni. Gramu 100 za karanga zina protini gramu 25 hivi. Mboga iliyoungwa kwa karanga inakupa protini nyingi kuliko glasi ya oti, tena kwa bei ya sokoni Majengo.

"Wameandika hakuna sukari iliyoongezwa, kwa hiyo hayana sukari"

Hapa ndipo wenye kisukari wanapoteleza. Vile vimeng'enya nilivyovitaja vinapovunja wanga wa oti, wanga unageuka kuwa sukari iitwayo maltosi. Hakuna aliyemimina sukari, lakini sukari imo, kwa kawaida gramu 3 hadi 4 kwa kila mililita 100. Glasi ya mililita 250 inaweza kufika gramu 10 hivi, sawa na vijiko viwili na nusu vya chai. Huko Marekani sukari hii huhesabiwa kwenye lebo kama ya kuongezwa, wakati Ulaya haihesabiwi hivyo, ndiyo maana maboksi mawili yaliyotengenezwa kwa njia moja yanaweza kusomeka tofauti.

Utasikia watu wakijitetea kwamba hata maziwa ya ng'ombe yana sukari, gramu 5 hivi kwa mililita 100. Ni kweli. Lakini laktosi hupandisha sukari ya damu polepole, na maltosi huipandisha haraka. Mwenye kisukari asome mstari wa "sugars" na wa "carbohydrate", ahesabu kwa glasi anayokunywa kweli, si kwa kipimo kidogo kilichochapishwa kwenye boksi. Zipo aina zenye sukari karibu na sifuri, ambazo huandikwa "unsweetened" au "no sugars". Zithibitishe kwa tarakimu za nyuma.

"Yote yana kalsiamu, ni maziwa"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu watu wanalipa pesa nyingi kwa kitu ambacho hakimo. Oti yenyewe ina kalsiamu kidogo sana. Iliyomo kwenye boksi imewekwa kiwandani, na kiwanda kinaweza kuiweka au kisiiweke. Aina nzuri hufikia miligramu 120 kwa kila mililita 100, kiwango cha maziwa ya ng'ombe, na huongezwa vitamini D na B12. Aina nyingine hazina kitu zaidi ya oti, maji, mafuta na chumvi.

La kushangaza wengi ni kwamba zile zenye alama ya kilimo hai ("organic") kutoka Ulaya, ambazo ndizo ghali na ndizo zinazoonekana safi kuliko zote, mara nyingi hazina kalsiamu wala B12. Sheria za kilimo hai za huko haziruhusu kuongeza madini na vitamini ovyo kwenye bidhaa hizo. Asiyekula nyama, mayai wala samaki akichagua boksi la namna hiyo akidhani amepata bora, anaweza kuikosa B12. Ya kutengeneza nyumbani kwa blenda yana kasoro hiyohiyo: yanaweza kuwa matamu, lakini kalsiamu haimo.

Kisha kuna hili la kutikisa. Kalsiamu iliyoongezwa huzama. Chukua boksi lililokaa wiki mbili kabatini, mimina bila kulitikisa hadi liishe, halafu lipasue kwa mkasi. Chini utaona utando mweupe kama chokaa umeshikana kwenye kona. Hiyo ndiyo kalsiamu uliyoilipia. Kwa hiyo tikisa kwa nguvu kila unapomimina, si mara ya kwanza tu.

Madini joto nayo mara nyingi hayamo kwenye oti, ila chumvi yenye madini joto inayouzwa madukani kwetu inaziba pengo hilo.

"Ni mepesi, mpe mtoto"

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kama kinywaji chake kikuu, wala asichanganyiwe kwenye chupa badala ya maziwa ya mama. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo vyakula vya nyongeza vinaingia na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili au zaidi. Mtoto mchanga mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe anahitaji daktari ampangie maziwa maalumu, na boksi la oti halishiki nafasi hiyo. Aliyevuka mwaka anaweza kunywa kidogo pamoja na chakula kamili, ila muulize afisa lishe kliniki kabla hujayafanya mazoea. Katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kumpunguzia mtoto protini kwa sababu ya picha nzuri ya boksi ni kumwonea.

Mengine kwa ufupi

"Oti haina gluteni." Gluteni ni protini ya ngano na shayiri. Oti yenyewe haina ile ya ngano, lakini hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri, ikachanganyikana nazo. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye gluteni huumiza utumbo wake, atafute boksi lililothibitishwa kuwa halina gluteni.

"Yanashusha kolesteroli." Nyuzinyuzi za oti ziitwazo beta-glukani husaidia, mtu akipata gramu 3 kwa siku. Glasi moja ina gramu 1 hivi, na uchujaji umetoa nyingine. Bakuli la uji wa oti linafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

"Namba za E ni sumu." Namba hizi hutambulisha viongezeo vya chakula. E340, inayoonekana mara nyingi, ni chumvi ya fosfeti inayozuia kinywaji kisikatike kwenye kahawa. Mtu mwenye afya hana sababu ya kuiogopa. Anayetakiwa kuiangalia ni mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze fosforasi.

"Yamekatika kwenye chai, yameharibika"

Mara nyingi hayajaharibika, yamepikwa vibaya. Sisi tumezoea chai ya maziwa iliyochemka yote pamoja, maziwa, majani, tangawizi na iliki, mpaka ifurike. Oti haitaki hivyo. Wanga uliobaki ndani yake hunata ukichemshwa sana, chai ikawa nzito kama uji mwepesi. Chemsha maji na majani na viungo vyako mpaka vitoe rangi, zima jiko, ndipo umimine oti iliyotikiswa, usiichukue baridi moja kwa moja kutoka kwenye friji. Boksi lililoandikwa "barista" lina mafuta mengi zaidi na ile fosfeti, kwa hiyo linavumilia moto na uchachu wa kahawa. Kwa mnywa chai wa kila siku, nyongeza ya bei yake ina maana. Kwa uji au kuoka, chukua la kawaida.

Boksi ambalo halijafunguliwa linakaa kabatini bila friji hadi tarehe yake, mbali na jua. Likishafunguliwa ni friji, na limalizwe ndani ya siku tano hivi. Umeme ukikatika mchana kutwa katika joto la Oktoba, usiamini siku hizo. Lililoshinda kwenye joto mwaga, maana harufu na ladha hazionyeshi kila mara kuwa limeharibika. Boksi lililovimba rafuni liache hapohapo, hata kama limepunguzwa bei.